Sura ya Tano: Si Lazima Afungwe

Mwanamke aliyepigwa huko Likoni, Kisauni au Changamwe huogopa mambo mawili yanayopingana. Anaogopa kwamba polisi hawatamsikiliza. Anaogopa pia kwamba watamsikiliza. Mume akishikwa Ijumaa jioni, Jumatatu hatoonekana kazini. Kibarua kikienda, kodi ya chumba haipo. Na kodi isipokuwepo, mwenye nyumba ataanza kugonga mlango. Kisha kuna mavyaa, mawifi na wazee wa ukoo wa mume, watakaouliza ni mke gani huyu anayempeleka baba watoto rumande. Kwa hiyo anapima, na mara nyingi ananyamaza. Anajua vizuri kwamba amekosewa, ila dawa pekee aliyoonyeshwa ni chungu kwake na kwa wanawe kuliko kwa aliyempiga.

Ipo njia nyingine. Imo katika sheria za Kenya tangu 2015, na wengi wa wale inayowahusu hawajawahi kusikia ikitajwa. Inaitwa amri ya ulinzi. Hakimu huitoa bila kumtia mtu hatiani kwa kosa la jinai, na anayeamriwa, akiitii, halali rumande hata usiku mmoja kwa ajili yake. Sura hii inaeleza amri hiyo inavyofanya kazi, na mahali inapokwama baina ya mlango wa nyumba na mlango wa korti.

Sheria iliyosubiri damu

Kwa miaka mingi, mke aliyepigwa alikuwa na Kanuni ya Adhabu tu, sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Ndani yake mna kosa la kumshambulia mtu na kumjeruhi, ambalo kifungo chake hufika miaka 5, na kosa la kumdhuru mtu vibaya, ambalo linaweza kumfunga mtu maisha. Makosa yote mawili huanza na jeraha. Mke aliyetishiwa kisu wiki nzima bila kuchomwa alikuwa na neno dogo la kusema, na mke aliyefungiwa nje na wanawe usiku hakuwa nalo kabisa. Ndani yake hapakuwa na kifungu kilichomruhusu kwenda kortini na kusema: mzuieni kabla hajanidhuru.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyoletwa na Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na ambaye baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Katiba ya 2010 ikasema, katika kifungu cha 29, kwamba kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wowote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Maneno hayo ya mwisho ni mazito: nyumba ya mtu haikubaki tena nje ya Katiba. Kifungu cha 45 kikaongeza kwamba mume na mke wana haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani yake, na inapovunjika. Mwaka 2015 ikafuata Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, baada ya miswada ya aina hiyo kuzungushwa bungeni kwa zaidi ya miaka 10.

Ukubwa wa tatizo haukuwa siri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Hao ni zaidi ya mmoja katika kila watatu.

Yasiyoacha alama

Msomaji anayefungua sheria ya 2015 atashangazwa kwanza na urefu wa orodha yake. Kupiga kumo, lakini ni jambo moja kati ya mengi. Kumo kutukana, kutishia, kunyemelea, kuvunja mali, kuingia kwa nguvu katika nyumba ambayo mnyanyasaji haishi, na kumzuia mtu kuingia anamoishi. Kumo kuoza mtoto, kulazimisha ndoa, kurithi mjane kwa nguvu na kukeketa. Kumo ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Na kuna kipengele ambacho wengi hawatarajii kukikuta katika kitabu cha sheria: wakwe kuingilia ndoa. Mavyaa anayeamrisha mkaza mwanawe anyimwe chakula mpaka ashike adabu anaweza kujikuta ametajwa kortini.

Kumo pia dhuluma ya kiuchumi. Chukua mfano wa mama anayekaanga mahamri na viazi karai kando ya barabara Bamburi. Mtaji wake uko kwenye simu. Mume anajua namba yake ya siri ya M-Pesa, na kila unga unapokaribia kwisha, pesa zinatolewa. Siku moja anarudi nyumbani na kukuta jiko la gesi na sufuria kubwa zimeuzwa. Hana hata mchubuko wa kumwonyesha daktari. Chini ya Kanuni ya Adhabu angeambiwa ni mambo ya mume na mke. Chini ya sheria ya 2015, kumnyima mtu bila sababu pesa anazozihitaji au alizo na haki nazo ni dhuluma ya nyumbani, na kuuza ovyo vyombo vya nyumba ni vivyo hivyo.

Wanaolindwa nao ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Cheti cha ndoa si sharti. Wanaoishi pamoja bila ndoa wamo, wachumba wamo, waliozaa pamoja wamo, jamaa wa nyumba moja wamo, na waliokwisha kuachana wamo. Hili la mwisho ni muhimu Pwani, ambako mwanamke anaweza kuwa na talaka yake mkononi, eda imekwisha, na bado mtalaka wake anakuja mlangoni usiku kudai kuona watoto huku akirusha mawe. Wanaume nao wamo. Sheria haikutaja jinsia ya anayelindwa.

Amri ya ulinzi inavyoombwa

Ombi hupelekwa kwa hakimu. Mkaazi wa Kisauni ana korti ya Shanzu upande wake. Wa Likoni na Changamwe kwa kawaida huelekea Mahakama ya Mombasa kisiwani. Ombi huambatana na hati ya kiapo, ambamo mwombaji anaeleza yaliyotokea: lini, wapi, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Hati nzuri ni ile yenye mambo bayana. "Hunitesa kila siku" haimsaidii sana hakimu. "Usiku wa Jumapili alivunja mlango wa chumba kwa nyundo, na jirani wa chumba cha pili alitoka akaona" inamsaidia sana.

Kama hatari iko karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda siku hiyohiyo bila kuusikiliza upande wa pili. Kisha mlalamikiwa hupelekewa karatasi na kupewa tarehe ya kuja kujitetea. Hapo amri hufutwa, hurekebishwa au huthibitishwa. Kesi husikizwa faraghani, na sheria inabana magazeti na redio kutangaza yaliyosemwa ndani. Kwa mwanamke anayehofia aibu kuliko ngumi, hilo ni jambo la kuambiwa mapema.

Ndani ya amri, hakimu anaweza kumkataza mlalamikiwa kupiga, kutishia, kuharibu mali au kutuma watu wafanye hayo kwa niaba yake. Anaweza kumwamuru asikaribie nyumba, pahali pa kazi au shule ya watoto. Anaweza pia kumpa mwombaji ruhusa ya kuendelea kukaa katika nyumba na kutumia vyombo vyake, hata kama jina lililo kwenye risiti ya kodi ni la mume. Nyumba haibadiliki kuwa ya mke. Anachopata ni haki ya kuikalia kwa muda. Akiwa ameumizwa au amepoteza mali, korti inaweza kuamuru alipwe fidia.

Mume, kwa upande wake, anaendelea na kazi yake bandarini au kwenye matatu, na anaendelea kulisha wanawe. Jinai huingia akivunja amri. Hapo anaweza kufungwa hadi miezi 12, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au vyote viwili. Kwa maneno mengine, mlango wa gereza uko mikononi mwake mwenyewe. Hilo ndilo jibu la sheria kwa mke asiyetaka kumfunga mumewe lakini anayetaka kulala usingizi.

Nyumba ya vyumba sita

Nyumba nyingi za Mtongwe, Chaani na Mtopanga zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Kila chumba kina mpangaji na familia yake. Ukuta haufiki daima kwenye mabati, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza husikika chumba cha sita. Katika nyumba kama hizo hakuna kipigo cha siri. Kuna majirani wanaoongeza sauti ya redio.

Sheria ya 2015 imewafikiria majirani hao. Mtu yeyote anayeshuku kwa sababu za msingi kwamba dhuluma ya nyumbani inatendeka anaweza kuripoti, na akifanya hivyo kwa nia njema hawezi kushtakiwa kwa kuripoti. Simu zipo: 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto, zote bila malipo. Mwenye nyumba naye asidhani yuko nje ya jambo hili kwa kuwa kodi imelipwa.

Kituoni, afisa anayepokea malalamiko anabanwa na sheria hiyohiyo. Ni wajibu wake kumweleza mlalamikaji nafuu zote alizo nazo, pamoja na matibabu na mahali pa kujihifadhi. Mlalamikaji ana haki ya kuomba maelezo yake yaandikwe na afisa wa jinsia yake. Na malalamiko yaingizwe kwenye kitabu cha matukio, apewe namba yake ya OB. Bila namba hiyo, wiki mbili baadaye atakuwa mtu aliyepita kituoni kusalimia.

Saa 72

Panapokuwa na ubakaji au unajisi, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI sharti zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Za kuzuia mimba zina nafasi ya hadi saa 120. Ndiyo maana hospitali huja kabla ya kituo cha polisi, na hakuna hospitali inayopaswa kumrudisha mgonjwa kwa kuwa hajaripoti.

Hospitali kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wanaiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia manusura wa dhuluma hizi tangu 2007. Lakini Makadara iko kisiwani. Mama wa Shika Adabu aliye na mtoto mgongoni ana safari ya matatu hadi kivukoni, foleni, feri, kisha tuktuk. Akiwa na bahati ni saa moja. Hospitali za Likoni na Port Reitz zilizo karibu na watu zina uzito wake kwa sababu hiyo: matibabu ya kwanza yanaweza kuanzia huko.

Karatasi ni mbili, na watu huzichanganya. Fomu ya PRC hujazwa hospitalini pale panapokuwa na dhuluma ya kingono. Ina nakala tatu, na daktari au muuguzi anaandika alichokiona na vielelezo alivyochukua. Fomu ya P3 hutoka kwa polisi na ni ya majeraha ya kila aina. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, ya pili na daktari. Daktari anaeleza jeraha lina umri wa saa au siku ngapi, limesababishwa na kitu cha aina gani, kisha anachagua daraja moja kati ya matatu: madhara, madhara makubwa, au kulemazwa. Alama hiyo moja ndiyo itakayoamua mtuhumiwa atasomewa shtaka gani.

Nguo alizokuwa amevaa aliyedhulumiwa zisifuliwe, na zisitiwe kwenye nailoni, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Zifungwe kwa karatasi au gazeti. Kuoga nako kusubiri daktari amalize, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo mwili wa mtu unataka.

Mtoto si mali ya kikao

Kwa mtoto, sheria ni kali zaidi, na ina sababu. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Kwa muda baadhi ya majaji walikuwa wakishusha vifungo hivi, mpaka Julai 2024 Mahakama ya Juu iliposema kwamba viwango vya chini vilivyowekwa na Bunge vitafuatwa.

Lakini kesi nyingi hazimfikii hakimu. Zinakufa sebuleni. Mtuhumiwa ni mjomba, au baba wa kambo, au mpangaji anayesaidia karo. Wazee wanakaa, chai inamiminwa, mbuzi au pesa zinatajwa, na mtoto anapelekwa kwa bibi yake Kwale au Kilifi "apumzike". Shahidi mkuu ameondoka na kesi imeisha.

Wanaokaa vikao hivyo wajue mambo mawili. La kwanza, kesi ya kosa la kingono si yao. Sheria ya 2006 inasema kwamba uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka uko kwa Mwanasheria Mkuu, mamlaka ambayo sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si kwa mama wa mtoto, wala kwa chifu. Kadhalika Katiba, kifungu cha 159, inaruhusu njia za kijadi za usuluhishi ila kwa sharti kwamba zisivunje haki za msingi. Mbuzi hawezi kununua haki ya mtoto. La pili, ule usemi kwamba "hakuna shahidi" hauna nguvu unayodhaniwa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, iwapo ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaendeleza msimamo huo: maslahi ya mtoto yatangulie. Amri ya ulinzi nayo inaweza kuombwa kwa niaba ya mtoto na mtu anayemwakilisha. Mwaka huohuo wa 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu mahakama maalumu ya dhuluma za kingono na kijinsia, ya kwanza ya aina yake nchini. Fikra yake ni rahisi: kesi hizi zisipange foleni nyuma ya kesi za wizi wa kuku na ajali za pikipiki, na mtoto asisimame hatua mbili kutoka kwa mtu aliyemuumiza.

Kwa kadhi na kwa hakimu

Mwislamu wa Pwani anayeteswa katika ndoa mara nyingi hufikiri kadhi kwanza, na hakosei. Katiba imezipa korti za kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wanakubali kuhukumiwa huko. Susan Hirsch, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefuatilia kesi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, aliandika katika kitabu chake cha 1998 kwamba wengi wa waliofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi walishinda. Hawa ndio wanawake waliofundwa na masomo (makungwi) wao kuvumilia na kutotoa siri za nyumba. Walikwenda mbele ya kadhi na kuzitoa. Mficha uchi hazai.

Kadhi anaweza kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara, yaani faskhi. Hawezi kumfunga aliyepiga. Hiyo ni kazi ya hakimu, na njia hizi mbili hazizuiani: mwanamke anaweza kudai faskhi kwa kadhi huku ana amri ya ulinzi kutoka kwa hakimu. Anayemwambia achague moja anampotosha.

Yaliyobaki wazi

Sheria ya 2006 ina shimo ambalo halijazibwa. Kifungu cha 43 kinaeleza ni lini tendo la kingono linahesabiwa kuwa la kulazimishwa, kisha kinasema hayo hayawahusu wanandoa. Wabunge wa wakati ule hawakukubali mume ashtakiwe kwa kumbaka mkewe. Sheria ya 2015 imepita pembeni ya shimo hilo: imeutaja ukatili wa kingono katika ndoa kuwa ni dhuluma, kwa hiyo mke anaweza kuomba amri ya kumzuia mume, ingawa kumshtaki kwa ubakaji ni mlima. Wanawake wachache wameelezwa tofauti hii.

Shimo la pili ni kitanda. Amri hutolewa mchana, na mtu hupigwa usiku. Makazi salama ni machache, na mengi yanaendeshwa na mashirika yanayotegemea wafadhili. Mashirika kama FIDA na Kituo cha Sheria husaidia kuandika maombi na kusimama kortini, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaipa serikali jukumu hilo pia, lakini wakili hawezi kumlaza mtu ofisini kwake.

La tatu ni polisi. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kupuuza malalamiko yao, na ikaamuru yachunguzwe upya. Uamuzi huo unamhusu pia afande wa Likoni anayemwambia mwanamke mwenye jicho lililovimba, "Mama, nenda mkayamalize nyumbani." Akisema hivyo hatoi ushauri, anaacha kazi aliyopewa na sheria. Basi anayekwenda kituoni, au anayemsindikiza dada yake, asiishie kueleza alivyopigwa. Aombe namba ya OB. Aombe P3. Kisha aseme wazi kwamba anataka kuelezwa namna ya kupata amri ya ulinzi, na aandike jina la afisa aliyemjibu pamoja na saa. Hakimu atakapouliza kwa nini ombi limechelewa, karatasi hiyo ndiyo itakayojibu kwa niaba yake, na afisa ndiye atakayetakiwa kujieleza.